Sato wa Majengo na somo la sangara

Juzi jioni nilipita kwa mama mmoja anayeuza samaki hapa Majengo, Songea.

"Shikamoo mama. Hawa perege wa Nyasa?"

"Marahaba mwanangu. Hao sato, wa bwawani hapa hapa."

Nikanunua, nikala, watamu kweli. Lakini usiku swali likanikaa kichwani: asili ya sato ni mbali na Ruvuma. Huku kwetu alifikaje?

Ndugu msomaji, jibu linaanzia Ziwa Viktoria. Zamani sangara aliishi kwenye maziwa kama Albert na Turkana. Maporomoko ya Murchison kule Uganda yalimzuia kupanda kwenda Viktoria. Mwaka 1929 mtaalamu wa uvuvi Mwingereza, Michael Graham, alionya kwamba kuleta samaki mkubwa mla wenzake bila utafiti ni hatari. Hakusikilizwa. Miaka ya 1950 maofisa wa kikoloni walipandikiza sato wa kigeni katika ziwa hilo. Mwaka 1960 sangara akaonekana Jinja, na mwaka 1962 na 1963 akapandikizwa rasmi, Uganda na Kenya. Maporomoko aliyashinda kwa kubebwa na binadamu.

Nia ilikuwa njema: kitoweo kingi na pato. Na pato lilikuja, viwanda vya minofu vikajengwa Mwanza. Lakini miaka ya 1980 furu walimalizwa, inakadiriwa aina kama 200 zikatoweka. Ngege naye akasukumwa pembeni na sato. Minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, wananchi wakabaki na mapanki. Mtakumbuka zogo la mwaka 2006 kuhusu ile filamu ya Hubert Sauper.

Sasa turudi nyumbani. Siku hizi safari ya samaki ni fupi: vifaranga hununuliwa, hubebwa kwa gari, humwagwa bwawani. Masika bwawa likifurika, wanaingia kijitoni. Kutoka Luhira ni Mto Ruvuma, wenye perege wake wa asili. Sato hushindana nao chakula na mazalia, tena huzaa nao, mpaka mbegu ya asili inapotea taratibu bila mtu kugundua.

Hii si hofu tupu. Mwaka 2013 wanasayansi walitangaza kwamba sato amekutwa katika bonde la Ziwa Nyasa, ziwa lenye mamia ya aina za samaki wasiopatikana kwingine duniani. Utafiti mwingine wa 2019 ulionyesha ameenea mabonde mengi ya Tanzania, kwa sababu ya miongo ya kupandikiza kwa makusudi.

Sisemi tufukie mabwawa. Vijana wanasomesha wadogo zao kwa mabwawa hayo. Nasema tuulize kabla ya kununua: kifaranga huyu ni wa aina gani? Perege wa kwetu hafugiki? Mdomo wa bwawa una wavu?

Kule Viktoria hakuna aliyeweza kumrudisha sangara alikotoka. Sisi bado tuna nafasi ya kuuliza. Au mnasemaje, wadau?