Reli ya Mwanza na Shehena za Ziwa Victoria

Habari za reli ya Mwanza huanzwa kwa kawaida na mwaka 1928, wakati njia iliyotoka Tabora ilipoufikia ufuko wa ziwa. Lakini garimoshi lilikuwa limekwisha kuishika biashara ya Mwanza zaidi ya miaka ishirini kabla ya taruma lolote kulazwa pale. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwezi wa Desemba 1901, na meli za Waingereza, zikiwamo Winifred na Sybil, zilizoletwa vipande vipande toka Uingereza na kuungwa ufukoni, zikaanza kuzizungukia bandari za ziwa. Bidhaa za Usukuma, ambazo zamani zilikwenda pwani mabegani mwa wapagazi kwa safari ya miezi, sasa zilivuka maji hadi Kisumu na kuteremka Mombasa. Hivyo Wadachi walitawala nchi, na Waingereza wakapokea nauli.

Wadachi waliliona jambo hilo. Reli yao ya Usambara, iliyofika Moshi mwaka 1911, hapo awali ilikusudiwa kusonga mbele mpaka ziwani, haikufika. Reli ya Kati ikaelekea Kigoma, nayo ikamalizika mwaka 1914. Mwaka huo huo tawi la kutoka Tabora kuelekea Rwanda lilianza kujengwa, vita vikalikatiza. Waingereza walipojenga njia yao ya Mwanza, yenye urefu wa karibu kilomita 380, walikuwa wakishindana na reli iliyokuwa chini ya bendera yao wenyewe, maana pamba ya Usukuma ilipata sasa njia mbili za kwenda baharini.

Hata hivyo, jambo lililo kubwa zaidi katika historia hii halikupangwa na mtu. Waingereza na Wadachi, kila mmoja kwa kutafuta unafuu wa gharama, walichagua upana ule ule wa mita moja baina ya reli. Hayakuwa mapatano. Lakini kwa sababu hiyo, katikati ya miaka ya 1960, Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki liliweza kuleta meli Umoja na Uhuru, zenye reli sitahani, kila moja ikichukua mabehewa yapatayo 20. (Wanalugha watakumbuka kwamba behewa lilikuwa sehemu ya nyumba kabla halijatiwa magurudumu, hapa tena likapanda melini.) Behewa lililojazwa Dar es Salaam liliweza kuingia melini Mwanza Kusini na kutokea Uganda au Kenya bila gunia moja kuteremshwa. Mwenye kujua gharama ya kupakua na kupakia, pamoja na mizigo inayolowa, kupasuka na kupotea, ataona thamani ya neno hilo kuliko ya madaraja yote ya njia.

Shirika lenyewe lilivunjika mwaka 1977, na kila dola ikashika sehemu yake. Uganda, isiyotaka kuitegemea Mombasa peke yake, ilijipatia meli zake za mabehewa katika miaka ya 1980. Baadaye safari zikadhoofika. Wala kasoro haikuwa ziwani tu: mafuriko ya mwisho wa mwaka 2009 yalipoharibu njia kati ya Kilosa na Gulwe, mamia ya kilomita kutoka Mwanza, shehena za ziwa nazo zilikwama. Umoja ilirudishwa kazini mwaka 2018, ikavusha tena mabehewa hadi Port Bell.

Mwaka 2021 ulitiwa saini mkataba wa reli mpya ya Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, yenye upana wa milimita 1,435. Njia hiyo imekusudiwa kubeba uzito mkubwa zaidi na kwa mwendo wa kasi, na sina shaka juu ya haja yake. Lakini behewa lake haliwezi kutembea juu ya reli za Umoja. Kenya ilikwisha kukutana na tatizo hili: reli yake mpya ilipofika Naivasha mwaka 2019, makasha ya kwenda Uganda yalipaswa kuhamishiwa njia ya zamani. Kasha huhamishwa kwa urahisi kuliko gunia, ni kweli. Ila huhitaji winchi, uwanja na saa za kungoja. Kwa hiyo wapangaji wanapohesabu kilomita za tuta, itawabidi wahesabu pia mita chache za gati la Mwanza Kusini, na waamue mapema kama meli zitatandikwa reli za upana mpya, au kama njia ya mita moja itatunzwa mpaka majini.