Printa inagoma kusomeka kwenye kompyuta? Kagua mambo haya 6 kabla ya kumwita fundi

Mteja ana fomu ya kuwahisha kabla ya saa kumi, foleni imefika mlangoni, na kompyuta inaandika "Offline" huku taa ya printa ikiwaka kama kawaida. Wenye steshenari wanaijua hali hii. Mara nyingi printa ni nzima. Shida iko kwenye muunganisho.

1. Waya
Waya wa USB wa printa nyingi una ncha bapa ya kompyuta na ncha ya mraba ya printa. Kwa USB 2.0, urefu usizidi mita 5. Uchomekwe kwenye kompyuta moja kwa moja, bila kupitia kigawanyio cha matundu.

2. Tundu lilelile
Kwenye Windows, printa ikihamishiwa tundu jingine la USB, kompyuta inaweza kudhani ni printa mpya na kuongeza jina lenye "Copy 1". Kazi inayotumwa kwenye jina la zamani haitoki. Dawa ni kuweka alama kwenye tundu moja na kufuta majina ya ziada.

3. Draiva
Hii ndiyo programu inayofanya kompyuta ielewane na printa. Ipakuliwe kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza printa, kwa kufuata jina kamili la modeli. Kwa printa nyingi za USB, draiva huwekwa kwanza, waya huchomekwa baadaye programu ikiomba.

Kama mashine inaprinti lakini haiskani, huenda iliwekwa draiva ya kuprinti peke yake. Hapo kinatakiwa kifurushi kizima, chenye draiva ya skana.

4. Printa ya kwanza kuchaguliwa
Windows 10 na 11 zina mpangilio wa "Let Windows manage my default printer". Ukiwa umewashwa, kompyuta huchagua printa iliyotumika mwisho mahali hapo. Duka lenye printa mbili lizime mpangilio huo na kuchagua printa lenyewe, la sivyo kazi zitakwenda kusikotakiwa.

5. Foleni iliyokwama
Faili moja lililoharibika linaweza kuzuia mengine yote. Lifutwe kwenye foleni ya printa. Likigoma, bonyeza Windows na R, andika services.msc, tafuta "Print Spooler", kisha chagua "Restart". Kurudia kubonyeza "Print" hakusaidii: foleni ikifunguka, nakala zote hutoka na karatasi zinaisha.

6. Wi-Fi
Printa nyingi za bei nafuu hushika mtandao wa 2.4 GHz tu, hazioni wa 5 GHz. Pia ruta ikizimika umeme ukikatika, inaweza kuipa printa anwani mpya ya IP, na kompyuta ikaendelea kuitafuta kwenye ile ya zamani. Suluhisho la kudumu ni kuitengea printa anwani yake ndani ya mipangilio ya ruta. Kwa duka lenye kompyuta moja, waya wa USB una usumbufu mdogo zaidi.

Muunganisho ukikaa sawa, ichapwe kurasa ya majaribio na kuskaniwa karatasi moja asubuhi, kabla wateja hawajafika. Tatizo likiwepo, litaonekana mapema.