Simu, Sauti na Maandishi: Historia Fupi ya Unukuzi wa Mazungumzo, kwa Kuangalia Kigusii

1. Utangulizi

Neno simu liliingia katika Kiswahili kutoka Kiajemi, ambamo sim ni waya. Waya wa telegrafu uliopita chini ya bahari ulifika Unguja mwaka 1879, ukitoka Aden na kuendelea kusini hadi Durban. Katika siku hizo kupiga simu kulikuwa ni kupeleka habari iliyokwisha kuandikwa, nayo ilipokewa ikiwa maandishi. Kamusi ya Johnson ya 1939 inaonyesha neno hili likiwa tayari limebeba maana mbili, ile ya telegrafu na ile ya chombo cha kuzungumzia. Hivyo simu ilianza kuwa maandishi, ikawa sauti, na sasa, kwa njia ya simujanja zinazonasa mazungumzo na kuyanukuu zenyewe, inarudi tena kuwa maandishi.

Makala haya yanafuata historia ya safari hiyo, kisha yanauliza swali moja. Mkulima wa chai wa Itumbe, katika nchi ya Wagusii, akizungumza kwa simu na mwanawe aliyeko Nairobi, na mazungumzo hayo yakanaswa na kunukuliwa, je, kinachopatikana katika karatasi ni maneno yao? Swali hili si dogo. Sensa ya Kenya ya 2019 iliwahesabu Wagusii zaidi ya milioni 2.7, na shughuli zao nyingi za fedha, ardhi na jamaa hupitia simuni.

2. Unasaji wa sauti hadi simujanja

Alexander Graham Bell alipata hati ya uvumbuzi wa simu mwaka 1876, na Thomas Edison akatengeneza fonografu mwaka 1877. Mwaka uliofuata Edison mwenyewe aliandika kwamba mojawapo ya matumizi ya chombo chake ingekuwa kuhifadhi maneno yanayosemwa katika simu. Aliyelitimiza wazo hilo ni Valdemar Poulsen wa Denmark, ambaye mwaka 1898 alibuni chombo cha kunasa sauti ya simu katika waya wa chuma kwa nguvu ya sumaku. Katika waya huo ndimo ilimozaliwa kanda ya sumaku, na katika kanda ikazaliwa kaseti, iliyotolewa na Philips mwaka 1963.

Wataalamu wa lugha na wa historia katika Afrika Mashariki walinufaika sana na vyombo hivi. Jan Vansina, katika kitabu chake cha 1961 kuhusu masimulizi ya jadi, alisisitiza kuwa ushahidi wa mdomo hauna thamani ya kihistoria mpaka ijulikane umetoka kwa nani na umepitia wapi. Kwa upande wa Wagusii, W. H. Whiteley alitoa utangulizi wa lugha yao mwaka 1956 na uchambuzi wa mfumo wa njeo mwaka 1960. Na William R. Ochieng' akachapisha historia yao ya kabla ya ukoloni mwaka 1974. Msingi wa kazi za namna hii ni msemaji anayejulikana, na mtafiti anayewajibika kwa kila herufi aliyoiandika.

Simu ya mkononi iliubadili utaratibu huo. Kampuni za Safaricom na Kencell zilianza kazi nchini Kenya mwaka 2000, na M-Pesa ikafuata Machi 2007. Hata kabla ya simujanja kuenea, simu ilikuwa imekwisha kuwa mahali pa kufanyia mapatano: bei, deni, karo, mahari. Kisha zikaja programu za kunasa mazungumzo. Mwanzoni nyingi zilinasa kwa siri. Mei 2022 Google iliziba njia iliyokuwa ikitumiwa na programu nyingi za aina hiyo katika soko lake. Na Apple ilipoleta huduma yake ya kunasa na kunukuu simu Oktoba 2024, chombo kilitangaza kwa pande zote mbili kwamba mazungumzo yananaswa. Tofauti na kazi ya nyanjani iko wazi. Kinasa sauti cha mtafiti kilikaa mezani na kilionekana na wote. Kile cha simu hakionekani, na yule wa upande wa pili hajui ila aambiwe.

3. Mlango mwembamba wa simu

Sauti ya simu si sauti yote ya mtu. Simu ya kawaida hupitisha takriban mitetemo 300 hadi 3,400 kwa sekunde, na kinachozidi au kupungua hukatwa. Mkato wa juu huathiri zaidi konsonanti za mkwaruzo. Katika Kiswahili, [s] na [f] hukaribiana sana simuni, na kusumbua kunaweza kusikika kama kufumbua. Kigusii hakipati hasara hiyo, kwa kuwa hakina [f] katika msamiati wake wa asili. Mkato wa chini, kwa upande wake, uko karibu na mahali ambapo irabu za juu hutofautiana, na huondoa mtetemo wa msingi wa sauti ya wanaume wengi. Sikio la binadamu huweza kuurudisha mtetemo huo kwa kukisia kutoka mitetemo iliyobaki, na kwa hiyo toni haipotei kwa mzungumzaji. Ikumbukwe lakini kwamba anayesikia vizuri ni yule aliyekwisha kuijua lugha.

4. Irabu saba katika herufi tano

Kigusii, ambacho Guthrie alikipa namba E42, kina irabu saba, na toni zake hubeba maana. Tahajia iliyozoeleka ina herufi tano tu za irabu, na toni haiandikwi. Kwa msomaji Mgusii hili si tatizo kubwa, kwa kuwa muktadha humsaidia kuchagua. Kwa asiyekuwa Mgusii, andiko kama hilo ni fumbo lililofungwa mara mbili: kwanza sauti ilipunguzwa na simu, kisha ikapunguzwa na tahajia.

Maneno ya mkopo nayo yana mitego yake. Kitabu katika Kigusii ni egetabu, kwa sababu ya ile kanuni iliyopewa jina la Dahl: [k] ya kiambishi hugeuka [g] ikifuatwa na silabi yenye konsonanti isiyo ghuna. Ndiyo maana lugha yenyewe huitwa Ekegusii, kwa [k], lakini kitabu ni egetabu, kwa [g]. Pesa nazo zimekuwa chibesa, kwa kuwa [p] haimo katika mfumo. Chombo kilichofundishwa Kiswahili peke yake hukutana na maneno haya na kuyalazimisha kuwa Kiswahili kibovu.

Hofu hii si ya kubuni. Mfumo wa Whisper, uliotolewa Septemba 2022, uliorodhesha Kiswahili miongoni mwa lugha zake, lakini Kigusii hakimo. Hazina ya lugha ya KenCorpus, iliyokusanywa nchini Kenya na kutangazwa mwaka 2022, ilishughulikia Kiswahili, Dholuo na Kiluhya. Majirani wa Wagusii wamepata nafasi. Wao wenyewe hawakufikiwa na kazi hiyo.

5. Njeo na ushahidi

Mahali ambapo upotevu huu huumiza zaidi ni mahakamani. Tangu 2009 Sheria ya Ushahidi ya Kenya, katika kifungu 106B, inakubali rekodi za kielektroni kwa masharti, pamoja na hati ya kueleza jinsi rekodi ilivyopatikana. Katiba ya 2010 inalinda siri ya mawasiliano katika ibara ya 31, na katika ibara ya 50 inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya kesi haki ya kupata mkalimani. Masharti hayo yanahusu chombo na mtu. Usahihi wa unukuzi wenyewe unabaki mikononi mwa anayenukuu.

Chukua mfano wa deni. Kigusii hutofautisha wakati uliopita wa karibu na ule wa mbali kwa viambishi na toni, jambo ambalo Whiteley alilichambua kwa kirefu. Kiswahili kina -li-, nayo haisemi kama tendo ni la leo asubuhi au la mwaka jana. Mdaiwa akisema simuni kwamba amelipa, Mgusii atajua papo hapo malipo ni ya karibu au ya zamani. Andiko la Kiswahili litasema tu kuwa alilipa. Neno ambalo kesi nzima inalitegemea limeondoka bila mtu yeyote kusema uongo.

6. Hitimisho

Yaweza kujibiwa kwamba unukuzi wenye kasoro ni afadhali kuliko kutokuwa na unukuzi kabisa. Kwa kumbukumbu za nyumbani, hoja hiyo inakubalika. Kwa historia na kwa sheria haitoshi, kwa sababu karatasi ina tabia ya kuaminiwa kuliko sauti iliyoizaa. Kwa hiyo sauti yenyewe ndiyo ihesabiwe kuwa matini, nayo ihifadhiwe. Unukuzi ufanywe kwanza kwa Kigusii, irabu saba zikitofautishwa na toni ikionyeshwa pale inapoamua maana. Tafsiri ije baadaye, ikiwa kando na unukuzi. Na jina la aliyenukuu liandikwe, kama Vansina alivyotaka kila ushahidi ujulikane njia yake.

Ibara ya 7 ya Katiba inaitaka Serikali iendeleze lugha za wenyeji. Kwa idara za lugha, kazi ya kwanza ni ya kawaida kabisa: kukubaliana juu ya tahajia ya irabu saba, na kukusanya, kwa ridhaa ya wasemaji, mazungumzo ya kutosha ya Kigusii. Bila ya hayo simujanja itaendelea kuandika, na mkulima wa Itumbe ataendelea kusomewa maneno ambayo hakuyasema.