Wasifu wa Krapf na Waliosahauliwa

Ndugu msomaji, ukifungua ensaiklopidia kutafuta habari za Johann Ludwig Krapf, aghalabu utakuta hivi: Mjerumani, mmisionari wa Kiprotestanti aliyetumwa na chama cha Kiingereza cha CMS. Alizaliwa 1810, akafika Unguja na Mombasa 1844, akauona Mlima Kenya 1849, akafariki 1881. Kamusi yake ya Kiswahili ikatoka 1882, mwenyewe keshazikwa.

Yote kweli. Lakini je, huo ni wasifu mzuri? Hebu tuupime, sisi vijana wa Wambaa tunaoota kuwa waandishi, maana huyu bwana aliandika lugha yetu, si milima tu.

Kwanza, kazi yake. Mlima husifiwa sana, kamusi ikapitwa mbio mbio. Kumbe kamusi ile imebeba zaidi Kimvita. Mwaka 1928 ilipoamuliwa Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, lahaja kama Kimvita na Kipemba zilibaki kando. Kwa hiyo kitabu cha Krapf ni ghala la maneno, na mwenye wasifu angetueleza hivyo.

Pili, watu. Juni 1844 Krapf alianza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo akisaidiwa na Kadhi wa Mombasa, Ali bin Mohiddin. Mwislamu msomi anamsaidia Mkristo kutafsiri Biblia! Julai hiyo hiyo mkewe, Rosine, akafariki pamoja na mtoto wao mchanga. Krapf akaendelea na kazi. Sasa niambieni, lugha hufundishwa na kuta? Wasifu usiomtaja Kadhi unamfanya mwanafunzi aonekane hakuwa na mwalimu.

Tatu, msimamo wake. Krapf alitaka Kiswahili kiandikwe kwa herufi za Kirumi, akihofia kuwa herufi za Kiarabu zingeupa nguvu Uislamu. Lakini ni yeye huyo huyo aliyepeleka Ujerumani, mwaka 1854, miswada ya tenzi zetu zilizoandikwa kwa herufi hizo za Kiarabu, zikahifadhika. Mwandishi wa haki huyaweka yote mawili mezani, hasifii wala hatukani, msomaji aamue.

Wenzangu, tusiishie kulalamika kwamba wageni wametusahau. Washairi wetu wa Pemba, Kamange na Sarahani, wamepata kitabu chao 2011, na isingekuwa watu waliozihifadhi tungo zao vifuani na kwenye makaratasi, kisingekuwapo. Wangapi wengine wamezikwa na tungo zao?

Basi tuanze hapa hapa Wambaa. Chukua daftari, kaa na mzee barazani, umwamkie, umuulize: ulitunga nini, mwaka gani, na nani alikufundisha? Hilo swali la mwisho usilisahau. Ndilo lililompotezea Kadhi nafasi yake.