Mbalanga: Ngozi Inapomwita Adui Wake

Baka la mbalanga, ugonjwa ambao hospitalini huitwa vitiligo, likitazamwa kwa karibu kwenye mkono wa mtu aliyeanza kupona, huonyesha jambo la ajabu. Rangi hairudi kutoka ukingoni tu. Huchipuka pia katikati ya weupe kwa vitone vya kahawia, kila kitone kikizunguka kinyweleo. Kwenye ncha za vidole, ambako vinyweleo havioti, vitone hivyo havionekani, na weupe hukaa kwa ukaidi.

Sababu ni kwamba melanosaiti, yaani seli zinazotengeneza rangi, zina akiba yake katika mashina ya vinyweleo. Mbegu basi ipo. La kuuliza ni nani anayeng'oa miche.

Mng'oaji anajulikana: ni seli T za kundi la CD8, ambazo kazi yake halali ni kuua seli zenye virusi au saratani. Wapo wagonjwa wa melanoma, saratani ya melanosaiti, ambao, wakipewa dawa za kuchochea kinga, hutokwa na mabaka meupe, na daktari wao huliona hilo kuwa dalili njema. Lakini kuzilaumu seli T peke yake ni kusimulia nusu ya kisa. Zimeitwa, na aliyeziita ni ngozi yenyewe.

Wito huo huenda hivi. Seli T chache zikishafika, humwaga inteferoni-gama. Keratinosaiti, seli zilizojenga sehemu kubwa ya tabaka la juu la ngozi, huipokea. Ndani yake vimeng'enya JAK1 na JAK2 huamsha protini ya STAT1, nayo huwasha jeni za kutengeneza CXCL9 na CXCL10. Molekuli hizi husambaa kama harufu ya pilau ya jirani, na seli T zenye kipokezi cha CXCR3 huifuata mpaka mlangoni. Zikifika, humwaga inteferoni zaidi. Mwaka 2014, kikundi cha John Harris huko Massachusetts kilionyesha kwamba panya waliozuiliwa CXCL10 hawakuendelea kupoteza rangi, na waliokwisha kupata weupe walianza kupona.

Si kila molekuli iliyokutwa mahali pa tukio ina hatia, hata hivyo. TNF, molekuli nyingine ya kinga, huwa nyingi katika ngozi yenye mbalanga, lakini baadhi ya wagonjwa wa baridi yabisi na soriasisi wameanza kupata mbalanga wakiwa wanatumia dawa za kuizuia.

Julai 2022 Marekani iliidhinisha krimu ya ruxolitinib, inayofunga JAK1 na JAK2, kwa wagonjwa wa kuanzia miaka 12. Katika majaribio mawili yaliyohusisha watu 674, takriban asilimia 30 ya walioitumia kwa wiki 24 walipata nafuu ya angalau asilimia 75 usoni. Kati ya waliopaka krimu tupu, waliopata nafuu hiyo hawakufika asilimia 12.

Ni hatua kubwa, ila inaziba masikio ya ngozi tu. Matibabu yakikoma, weupe mara nyingi hurudi palepale ulipokuwa, kana kwamba ulikuwa na hati ya kiwanja. Ngozini hubaki seli T za kumbukumbu, wapangaji wasiohama, zinazolishwa na molekuli nyingine: interlukini-15. Panya waliozibiwa kipokezi chake kwa muda mfupi, katika utafiti uliochapishwa 2018, walirudisha rangi na kudumu nayo.

Ndiyo maana kupima dawa kwa rangi ya wiki ya 24 hakutoshi. Kipimo cha haki kianze siku mgonjwa anapoacha kupaka. Kwa mtu anayetoka Kigoma kwenda kliniki ya ngozi ya hospitali ya KCMC, Moshi, tiba ya miezi michache ni nauli ya safari mbili tatu. Krimu ya kila siku kwa miaka ni bajeti ambayo kaya nyingi hazina.