Uthibitishaji wa ujuzi: istilahi kwa anayehamia fani ya programu

Mtu wa Samuye, Shinyanga, anayetaka kuacha ualimu, ufundi umeme au kazi ya mgodini ili awe msanidi programu hupewa mapema ushauri mmoja: "Tafuta cheti." Ushauri huo umezaliwa na tafsiri ya haraka ya istilahi ya Kiingereza certification, nayo humpeleka mtu pabaya. Humfanya aitamani karatasi kabla hajajua karatasi hiyo itasema nini juu yake.

Cheti ni neno la siku nyingi, lililotujia kutoka Kihindi, na limebebeshwa mengi. Tuna cheti cha kuzaliwa, cha ndoa, cha dawa, cha kumaliza shule. Dhana tunayoitafutia jina ni tendo: taasisi iliyo nje ya mwombaji na mwajiri wake humpima kwa vigezo vilivyotangazwa mapema, kisha hutamka hadharani kwamba ujuzi huo anao. Wakazi wa Geita wanalijua tendo la namna hii. Tangu soko la madini lifunguliwe huko mwaka 2019, mchimbaji mdogo hupeleka dhahabu yake sokoni, ikapimwa uzito na usafi, ndipo bei ipangwe. Muuzaji hana haja ya kuapa, wala mnunuzi hana haja ya kubahatisha.

Wapo wanaopendekeza ithibati. Neno ni zuri, ila Tanzania limekwisha kupewa kazi: vyuo hupewa ithibati na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, na waandishi wa habari wana Bodi ya Ithibati yao. Kiwango cha kimataifa ISO/IEC 17024 cha mwaka 2012 kinazihusu taasisi zinazopima na kuthibitisha watu, na taasisi hizo zenyewe hukaguliwa na chombo kingine. Ukaguzi huo wa juu ndio unaostahili kuitwa ithibati. Tendo la kumpima mtu ninapendekeza liitwe uthibitishaji wa ujuzi. Jina hili linakuja na ukoo wake: mthibitishaji ni taasisi inayopima, mthibitishwa ni aliyepimwa akafaulu, uthibitisho ni hali anayoipata, na cheti kinabaki kuwa karatasi inayoonyesha hali hiyo. Sentensi kama "uthibitisho wake umekwisha muda ingawa cheti bado anacho" inaeleweka mara moja.

Jambo lenyewe si geni kwetu. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambao humpima seremala au makanika aliyejifunzia gereji na kumpa cheti pasipo kumrudisha darasani miaka kadhaa. Anayehama fani yuko katika hali inayofanana na hiyo: amejifunza usiku, kwa kompyuta ya kuazima na bando la simu, na anahitaji mtu wa kuaminika aseme kwamba anaweza.

Tuchukue mtihani mmoja ulio wazi, AWS Certified Developer – Associate wa Amazon Web Services. Una maswali 65 kwa dakika 130, na 15 kati yake hayahesabiwi. Alama ya kufaulu ni 720 kati ya 1000, ada ni dola 150 za Marekani, na uthibitisho hudumu miaka 3. Mwongozo wake unagawa alama hivi: kutengeneza programu kwa kutumia huduma za AWS asilimia 32, usalama 26, kuipeleka programu kazini 24, kutafuta hitilafu na kuboresha utendaji 18. Zaidi ya theluthi mbili ya alama iko nje ya sehemu ile ya kwanza ambayo wengi huimalizia nguvu zao zote. Fundi umeme aliyeachwa bila kazi mgodi wa Buzwagi ulipositisha uzalishaji mwaka 2021 amezoea kuifuata hitilafu hatua kwa hatua mpaka chanzo chake. Anaingia na mtaji, na maandalizi yake yaanze kwa kuutambua.

Mtihani huo hautolewi kwa Kiswahili. Aliyelelewa kwa Kisukuma, akasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, anaufanya katika lugha yake ya tatu. AWS huongeza dakika 30 kwa mtahiniwa ambaye Kiingereza si lugha yake ya kwanza, lakini lazima aombe kabla ya kupanga tarehe. Na ajiwekee daftari la istilahi, kila moja ikiwa na maelezo kwa maneno yake mwenyewe. Kanuni ya usalama isemayo kwamba programu ipewe ruhusa za lazima tu, isizidishiwe hata moja, anaweza kuiita ruhusa ya kadiri ya kazi. Atakayeieleza kwa Kiswahili na kutoa mfano ameielewa. Atakayeikariri kwa Kiingereza huenda ameisikia tu.

Kanda yetu ya Ziwa imewahi kuona istilahi ikibadilisha mjadala. Shehena za madini zilizotoka migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi ziliitwa mchanga wa dhahabu. Serikali ilipozuia usafirishaji wake nje mwezi Machi 2017, neno makinikia lilitoka vinywani mwa wataalamu likaingia kwenye daladala na magenge ya kahawa, kwa kuwa wananchi walitaka kujua ndani ya makontena ya shehena hizo mna nini, na neno mchanga halikuwasaidia kuuliza.

Uthibitishaji wa ujuzi nao utusaidie kuuliza. Anayeambiwa atafute cheti anaweza kushawishika kununua maswali yaliyovujishwa, akafaulu, kisha akakwama siku ya kwanza kazini. Na mthibitishaji akigundua, humfutia uthibitisho. Anayejua kwamba anakwenda kuthibitishwa atajenga programu ndogo, kama ya kurekodi mizani ya pamba ya chama cha msingi, aipeleke mtandaoni, aivunje na kuitengeneza tena. Wazazi, walimu na sisi tunaoombwa ushauri tumsaidie kijana kwa maswali matatu kabla hajalipa ada: nani anathibitisha, anapima nini, na uthibitisho unakoma lini. Akiyajibu, ndipo aanze kuchangisha dola 150.