Saguaro: Jitu la jangwani lililovamiwa na nyasi za Afrika

Watazamaji wa filamu za zamani za Marekani wataukumbuka: mmea mrefu kama nguzo, ulioinua mikono mithili ya mtu aliyeelekezewa bunduki. Huo ni saguaro, aina ya dungusi kakati ambayo wanasayansi huiita Carnegiea gigantea. Filamu nyingine huuonyesha hata Texas, ilhali haumei huko kiasili. Makao yake ni Jangwa la Sonora pekee, yaani kusini mwa Arizona, jimbo la Sonora nchini Mexico na sehemu ndogo ya California.

Hukua polepole mno. Mche huanza maisha chini ya kivuli cha mti mwingine, na baada ya miaka minane huenda usizidi sentimita 4. Tawi la kwanza huchipuka mmea ukiwa na umri wa miaka 50 hadi 75, pengine zaidi. Ukikomaa hufikia mita 12 na kuendelea, na huweza kuishi hadi miaka 200. Shina lake lina mikunjo inayotanuka baada ya mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi.

Maua meupe hufunguka usiku. Popo, nyuki na njiwa huyachavusha. Kigogota hutoboa shina apate kiota, naye akihama, bundi wadogo hurithi nyumba. Jamii ya Tohono O'odham huangua matunda yake kwa ufito mrefu uliotokana na mbavu za saguaro mfu, kisha huyapika shira na kutengeneza mvinyo wa sherehe ya kuomba mvua.

Mmoja wa maadui wake wakubwa ametoka kwetu. Nyasi za Cenchrus ciliaris, ambazo wafugaji wa Kitui na Makueni huzipanda kwa malisho, zilipelekwa Arizona katika karne ya 20 kulisha ng'ombe na kuzuia mmomonyoko wa udongo. Hapa ni neema. Kule zimejaza nafasi tupu baina ya mimea, nafasi ambazo zamani zilizuia moto kusambaa. Saguaro haustahimili moto. Ulioungua huweza kusimama miaka kadhaa kabla ya kufa.

Joto nalo limezidi. Mwaka 2023 jiji la Phoenix lilipata siku 31 mfululizo za nyuzi 43 na zaidi, na baadhi ya saguaro zikadondosha mikono au kuanguka. Mmea huu hufungua vinyweleo usiku ili usipoteze maji, hivyo usiku usiopoa huudhoofisha. Katika Hifadhi ya Taifa ya Saguaro, karibu na Tucson, watu wa kujitolea hupanda milimani na sururu kung'oa nyasi hizo, shina baada ya shina.